Mtazamo wa mwanzilishi wa startapu ni kitu gani hasa?

Muulize mtu yeyote anaetaka kuanzisha startapu nini kinahitajika, atakutajia wazo, mtaji, timu, alafu atamalizia na "mtazamo sahihi". Sasa muulize huo mtazamo ni nini, hapo ndo utasikia jiamini, amka alfajiri, usikate tamaa, ota ndoto kubwa. Sio maneno mabaya hayo ila sio jibu, na naona yanawaumiza watu wengi wazuri mana mtu anaingia na moyo wote alafu anakomaa na kitu ambacho hakuna aliekihitaji.

Tuanze na startapu yenyewe. Steve Blank, Mmarekani alieanzisha kampuni kadhaa za teknolojia kabla hajawa mwalimu wa ujasiriamali, anaielezea kwamba ni shirika la muda linalotafuta mfumo wa biashara unaoweza kurudiwa na kukua. Neno la kushika hapo ni linatafuta. Anaefungua saluni anajua tayari kwamba watu wananyoa nywele na wanalipia, kazi yake ni kufanya vizuri kuliko wengine, ila wa startapu hajui mteja ni nani, hajui atalipia nini, hajui hata kama tatizo lenyewe lipo kweli au lipo kichwani kwake tu. Kwaiyo mtazamo wa mwanzilishi, kwa jinsi ninavouelewa mimi, ni kuweza kuishi na huko kutojua bila kujidanganya, yani wazo lako unalichukulia kama jambo linalosubiri kupimwa, hujalifanya ukweli unaosubiri mtaji.

Mfano ninaoupenda ni wa Nick Swinmurn mwaka 1999, alietaka kuuza viatu kwenye intaneti wakati ambao watu wengi waliona haiwezekani mtu anunue kiatu bila kukivaa kwanza. Angeweza kutafuta hela, akodi ghala, ajaze viatu, aajiri watu, alafu asubiri. Yeye akaenda kwenye maduka ya viatu, akaomba kupiga picha, akaziweka kwenye tovuti, na mtu akiagiza anarudi dukani anakinunua kile kiatu kwa bei ya kawaida na kumtumia mteja. Kibiashara hapo hapati kitu, ila hakuwa anatafuta faida bado, alikua anatafuta jibu la swali moja: watanunua au hawatanunua? Wakanunua. Hiyo ndo ikaja kuwa Zappos, na mwaka 2009 Amazon wakainunua.

Sasa angalia upande wa pili. Quibi ilikua huduma ya video fupi za kuangalia kwenye simu, ikakusanya karibu dola bilioni 1.75, viongozi wake ni watu wazito kabisa, Jeffrey Katzenberg wa filamu na Meg Whitman aliewahi kuiongoza eBay, soko la mtandaoni. Ikazinduliwa Aprili 2020 na Oktoba mwaka huohuo wakatangaza kufunga. Wenyewe waliandika kwamba huenda wazo halikua na nguvu ya kutosha kusimama peke yake au wakati haukua sahihi, na kweli korona ilikua imewafungia watu nyumbani, hilo lazima tulikubali. Ila huwezi kusema walikosa kujiamini au walikosa mtaji au uzoefu. Vyote walikua navyo, ila swali la kama watu watalipia kitu kile lilikuja kujibiwa hela nyingi ikiwa imeshatumika.

Kuna kitu kingine watu hawakitegemei. Wengi wanaamini mwanzilishi ni mcheza kamari, anauza kila kitu anaweka mezani, na wenye familia za kulisha wakisikia ivo wanajitoa wenyewe kwamba mimi sina roho hiyo. Profesa Saras Sarasvathy aliwachunguza wajasiriamali wazoefu 27 na mwaka 2001 akachapisha alichokiona, kwamba hawaanzi kwa kutabiri faida kubwa alafu ndo watafute njia ya kuifikia. Wanaanza na walichonacho mkononi: mimi ni nani, najua nini, namfahamu nani. Alafu kwenye hatari hawajiulizi nitapata kiasi gani, wanajiuliza naweza kupoteza kiasi gani na bado nikaendelea na maisha. Hili lilinigusa sana niliposoma, mana maana yake ni kwamba mtu muoga wa kupoteza hela ya ada ya watoto hana kasoro yoyote, anachotakiwa ni kutenga kiasi na muda ambao hata ukipotea wote nyumba haitetereki, alafu ndani ya huo mpaka ajaribu bila woga.

Na kwenye kujaribu ndo kuna sehemu ngumu kuliko zote, kuachana na wazo. Stewart Butterfield na wenzake walitengeneza gemu ya mtandaoni ikaitwa Glitch, watu walioicheza waliipenda sana ila hawakutosha, mwaka 2012 wakaifunga na ikabidi kuwaachisha kazi wafanyakazi wengi. Kilichobaki ni programu ya kutumiana ujumbe waliyojitengenezea wenyewe wakiwa wanaifanyia kazi ile gemu, na hiyo ndo ikawa Slack, programu ya mawasiliano ya kazini. Watu wanapenda kuihadithia kama bahati lakini naomba uone uchungu uliopo hapo katikati, kufunga kitu unachokipenda wakati bado kuna watu wanakusifia, hiyo haihitaji kujiamini zaidi, inahitaji uwe umeshajitenganisha na wazo lako kiasi kwamba likifa wewe hufi nalo.

Unaujenga vipi huo mtazamo? Sidhani kama unajengwa kwa kusikiliza hotuba. Unajengwa kwa maswali unayouliza watu kila siku. Ukimuuliza rafiki yako "ningetengeneza aplikesheni ya hivi ungeitumia?" atasema ndio, anakupenda, hawezi kukuvunja moyo, na wewe utarudi nyumbani umefurahi na hujajifunza kitu. Muulize mara ya mwisho tatizo hili lilikupata lini, ulifanyaje, ulitumia hela ngapi kulitatua. Akikwambia hakumbuki, au hakufanya chochote, hiyo ni habari kubwa hata kama inauma, tatizo labda ni dogo kuliko ulivodhani.

Alafu chukua karatasi kabla hujatengeneza chochote, andika mambo matatu ambayo lazima yawe kweli ili wazo lako lifanye kazi, na mbele ya kila moja andika ukiona nini utakubali kwamba ulikosea, na tarehe ya mwisho ya kuliangalia. Mpe mtu mmoja mkweli akutunzie nakala. Iandike sasa ivi wakati bado hujalizoea hilo wazo, mana ukishakaa nalo miezi sita hakuna ushahidi utakaouona unatosha.