Mkutano wa Wanaoacha Pombe: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mtu anayetaka kuacha pombe akiamua kutafuta kikundi cha kusaidiana, mara nyingi kinachomrudisha nyuma si ugumu wa kupata mahali penyewe, bali ni yale aliyoyasikia kuhusu kinachofanyika ndani ya chumba. Mengi ya hayo hayana msingi, na machache yana chembe ya ukweli inayohitaji kuelezwa vizuri.

Dhana: Huwezi kwenda mpaka uwe umeacha kunywa, au mpaka pombe iwe imekumaliza kabisa.

Ukweli: Chama cha Alcoholics Anonymous, maarufu kama AA, kilichoanzia mjini Akron, Marekani, mwaka 1935 kutokana na mazungumzo ya walevi wawili ambao mmoja wao alikuwa daktari wa upasuaji, kina sharti moja tu la uanachama, nalo ni nia ya kuacha kunywa. Aliyelewa jana anakaribishwa. Aliyekunywa leo, katika vikundi vingi, huombwa tu asikilize bila kuzungumza. Hakuna ada. Chombo cha michango hupitishwa kwa ajili ya kodi ya chumba na mahitaji madogo, lakini mgeni halazimiki kutoa chochote.

Dhana: Utasimamishwa mbele ya watu ukiri kuwa wewe ni mlevi, kisha habari zienee.

Ukweli: Hofu hii ndiyo inayowazuia wengi zaidi, kwa hiyo ni vyema kueleza mambo yanavyokwenda. Anayeongoza si daktari wala mshauri nasaha, bali ni mwanachama aliyepokea zamu. Husoma maneno machache ya ufunguzi, huuliza kama yupo mgeni ili apate kusalimiwa, kisha watu huzungumza kwa zamu kuhusu maisha yao wenyewe, na katika vikundi vingi ni mwiko kumkatiza mwenzako au kumhukumu. Zamu yako ikifika, kusema “leo nitasikiliza tu” kunatosha, na hakuna atakayekuuliza sababu. Jina la kwanza linatosha vilevile. Kuhusu siri, ifahamike kwamba ulinzi wake ni ahadi ya kuheshimiana na haubanwi na sheria kama siri ya daktari na mgonjwa. Kwa hiyo jambo linaloweza kukuingiza matatani kisheria ni bora ulizungumze na wakili au mtaalamu.

Dhana: Mikutano yote ni ya aina moja, na yeyote anaweza kuingia.

Ukweli: Hapa ndipo watafutaji wengi hujikwaa. Mkutano wa wazi humpokea yeyote, wakiwemo ndugu na wanafunzi wanaotaka kujifunza, ilhali mkutano wa faragha ni wa wale tu wenye tatizo la pombe au wanaodhani wanalo. Ukitaka kusindikizwa na mwenzi wako mara ya kwanza, tafuta wa wazi. Mwenzi huyo, ikiwa naye amechoshwa na ulevi wa nyumbani, ana kikundi chake: Al-Anon, kilichoanzishwa mwaka 1951 kwa ajili ya familia na marafiki wa walevi, nacho hakimtaki asubiri mpaka mnywaji akubali kuacha.

Dhana: Ni kanisa kwa jina jingine.

Ukweli: Hatua Kumi na Mbili za AA, yaani mwongozo wake wa kuacha pombe, zinamtaja Mungu “kama tulivyomwelewa”, na baadhi ya vikundi hufunga mkutano kwa sala, hivyo anayelalamika hajazua. Hata hivyo, chama hakina uhusiano na dhehebu lolote, na wapo wanachama wasioamini kabisa. Anayeona lugha hiyo inamkera asijilazimishe: SMART Recovery, programu nyingine ya vikundi vya kusaidiana iliyoanza mwaka 1994, hutumia mbinu za kisaikolojia za kukabili tamaa ya kunywa bila kugusa imani.

Dhana: Ni porojo tu, hazimponyi mtu.

Ukweli: Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565, yaligundua kwamba programu zilizoandaliwa kwa utaratibu maalumu kuwaelekeza watu AA zilisaidia wengi zaidi kukaa bila pombe kabisa kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nazo. Hilo halimaanishi kwamba kila mtu atafanikiwa.

Dhana: Ukishapata kikundi, hospitali huihitaji.

Ukweli: Dhana hii inaweza kuua. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akiacha ghafla anaweza kupatwa na arosto kali: kutetemeka, jasho jingi, degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na baadaye kuchanganyikiwa na kuona maruweruwe. Huyo anapaswa kumwona daktari kabla ya kuacha, na dawa kama naltrexone, inayopunguza hamu ya pombe, akiandikiwa azitumie, hata mwanachama mmoja akimwambia kwamba dawa si kuacha kweli. Mwanachama hana mamlaka hayo.

Katika kutafuta kwenyewe, anzia kwenye tovuti au simu ya chama husika, au kwa mhudumu wa afya. Ratiba huzeeka haraka, kwa hiyo piga simu kwanza uulize mambo matatu: kama mkutano bado upo siku na saa hiyo, kama ni wa wazi, na unaendeshwa kwa lugha gani. Pasipo na mkutano karibu, ipo inayofanyika kwa njia ya mtandao, na unaweza kuingia huku kamera imezimwa. Kikundi cha kwanza kisipokukaa, jaribu kingine, maana wanaokutana Jumatatu na wanaokutana Alhamisi katika chumba kilekile wanaweza kuwa watu tofauti kabisa.