Kusahau si kupona

Hapa Lamu, mtu akiumizwa huambiwa haraka: "Yaliyopita si ndwele, sahau." Nia ni njema, lakini wengi huishia kuamini kwamba anayekumbuka bado hajapona. Si kweli.

Mwaka 1987, mwanasaikolojia wa Marekani Daniel Wegner na wenzake waliwaomba wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika 5, wagonge kengele kila akiwajia akilini. Kengele zililia tena na tena. Waliporuhusiwa kumfikiria, aliwajia zaidi kuliko alivyowajia wale walioruhusiwa tangu mwanzo.

Nimeliona hili kwa shangazi yangu wa mtaa wa Langoni. Baada ya talaka, miaka mingi hakupita kichochoro cha nyumba ya aliyekuwa mumewe. Alizunguka hadi ufuoni, kikapu cha samaki mkononi, jua likimchoma. Kwake huko ndiko kulikuwa kusahau. Jioni moja alikaa barazani na mamangu, akayasema yote, sauti ikitetemeka, mpaka kahawa ikapoa. Hakupona siku ile. Ila wiki chache baadaye alikipita kichochoro kile, polepole, bila kuinamisha uso. Bado anakumbuka.

Asiye na wa kumwambia anaweza kuandika, dakika 15 kwa siku 4 mfululizo, kama walivyofanya wanafunzi wa mwanasaikolojia James Pennebaker katika utafiti wa mwaka 1986. Huzuni huenda ikazidi mara tu baada ya kuandika, usishtuke. Na kuachilia hakumlazimishi mtu kurudiana na aliyemuumiza. Shangazi hajarudi.