Kabla hujanunua shawa mpya ya sinki

Wateja wangu wengi hapa Arusha hupiga simu na jibu tayari: "Fundi, shawa ya sinki imekufa, njoo na nyingine." Mimi huja na ndoo kwanza.

Shawa ya mkono iliyokaa pembeni ya koki ina sehemu tatu za kusumbua: kichwa, mpira, na divata, yaani kile kivalvu kilichojificha ndani ya mwili wa koki ambacho huamua maji yapite mdomoni au yaende kwenye shawa. Fungua kichwa kwa mkono, tumbukiza mpira kwenye ndoo, fungulia maji. Yakitoka kwa nguvu, mgonjwa ni kichwa. Yakichuruzika, inama chini ya sinki uone kama mpira haujabanwa na mtungi wa gesi. Umenyooka na bado maji ni dhaifu? Hapo tunazungumzia divata, au tangi lako.

Kichwa ndicho rahisi. Maji yetu ya miteremko ya Meru yamepita kwenye miamba ya volkano, kwa hiyo mara nyingi kinachoziba si chokaa bali mchanga, kutu ya mabomba ya zamani na tope la chini ya tangi, hasa maji yanaporudi baada ya kukatika. Shingoni mwa kichwa kuna kichujio kidogo cha waya. Kitoe kwa pini, kisugue kwa mswaki wa zamani. Ukiona ukoko mweupe, loweka kwenye siki. Na ukiuziwa shawa yenye vijiwe ndani ukaambiwa inaondoa floraidi, yale madini ya maji yanayotia meno madoa, okoa hela yako: maji yanapita humo kufumba na kufumbua. Hata kuchemsha hakuiondoi.

Sasa divata. Hii inaendeshwa na presha. Ukibonyeza shawa, presha upande wake inashuka, kipistoni kinasogea na kuziba njia ya mdomo. Uchafu ukikinasa, au presha ikiwa ndogo, kinaishia katikati na maji yanatoka kotekote. Kila mita 10 za kimo hukupa takriban bar 1 (bar ni kipimo cha presha). Tangi lililo mita 3 juu ya koki linatoa bar 0.3 tu, na koki nyingi za aina hii zinataka zaidi ya hapo. Ndiyo maana kuna nyumba Njiro ambako shawa inapiga vizuri maji ya AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha, yakiwa yanakuja moja kwa moja, ukihamia tangi inalegea. Hapo hakuna kilichoharibika. Inua tangi au weka pampu. Kubadilisha shawa mara tatu hakusaidii, ingawa wenye maduka watafurahi.

Mpira ukitoboka, usiuzungushie tepu. Funga engo valvu zote mbili, yaani vile vikoki vidogo vya chini ya sinki, ya moto na ya baridi, fungulia koki ili presha iliyobaki itoke, weka beseni chini, kisha fungua nati. Nenda dukani na mpira wa zamani pamoja na kichwa chake. Tredi nyingi, yaani ile mikato ya kuskrubia, ni za nusu inchi lakini si zote, na kwa macho utadanganyika. Angalia pia kwamba washa ya zamani, kile kipete laini cha kuzuia maji kwenye maungio, haijabaki imeng'ang'ania ndani. Washa mbili zikikaa pamoja zitavujisha tu.

Penye washa ya mpira usifunge tredi tepu, ile tepu nyembamba ya kuzungushia tredi, maana kinachozuia maji pale ni washa. Kaza kwa mkono, kisha ongeza robo mzunguko kwa spana. Nati ya plastiki ikome kwenye mkono. Tandaza tishu kavu chini ya maungio, bonyeza shawa mara kadhaa, iache usiku kucha. Asubuhi tishu ikiwa na unyevu, fungua tena uikague washa, usiongeze nguvu kwenye spana: nati itapasuka na utanunua mpira mwingine.