Kuvunja ungo si kukomaa kwa nyonga

Wengi tumekua tukisikia kwamba msichana akishavunja ungo, mwili wake uko tayari kuzaa. Hedhi huonyesha tu kwamba mayai yameanza kupevuka. Nyonga huendelea kupanuka kwa miaka kadhaa baadaye. Ndiyo maana binti wa miaka 14 anaweza kukwama kwenye uchungu hata siku mbili, kichwa cha mtoto kikigandamiza kibofu, na akabaki na fistula: mkojo unamtoka mchana na usiku. Inaumiza sana, kwa sababu huzuilika akiwahishwa hospitali.

Kifafa cha mimba, yaani degedege linaloletwa na presha kupanda wakati wa ujauzito, nacho huwaandama zaidi mabinti hawa. Kama binti yenu ni mjamzito, fungueni pamoja naye kadi yake ya kliniki. Presha ikifika 140/90, au wingi wa damu (Hb) ukishuka chini ya 11, muulizeni mkunga siku hiyohiyo.