Kabla ya kumwekea mama kiti cha ngazi: maswali na majibu

Nyumba nyingi za Uingereza zina ngazi nyembamba zenye mwinuko mkali, na mara nyingi bafu liko juu. Mzee magoti yakimchoka, familia huanza kuulizia kiti cha ngazi, yaani kiti kinachopanda na kushuka juu ya reli kwa mota, mtu akiwa amekaa. Haya ndiyo maswali ya familia zetu zinazoishi huko na wazazi wao.

Mama ana miaka 78, ngazi zimemshinda. Tununue kiti?

Ngojeni kwanza. Zimemshinda kwa sababu gani? Simameni nyuma yake mtazame anavyopanda. Akishika kishikio kwa mikono miwili na kutanguliza mguu uleule kila kidato, huenda ni goti au nyonga. Akisimama katikati akihema, daktari aangalie moyo na mapafu. Akipata kizunguzungu kila anapoinuka, apimwe presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, kwani dawa za presha zenyewe huweza kuishusha kupita kiasi. Na macho je? Mwenye mtoto wa jicho haoni vizuri ukingo wa kidato. Kiti hakitibu hata kimoja kati ya haya, na mengine yanatibika kabisa. Udhaifu ukianza ghafla upande mmoja wa mwili, au uso ukipinda, pigeni 999, simu ya dharura, saa hiyohiyo.

Akishapata kiti, hataanguka tena?

Hapa nawasihi sana muwe makini. Kiti humvusha ngazi tu. Kukaa na kuinuka bado ni kazi yake, na mahali pa kuinukia ni juu kabisa, ngazi zote zikiwa chini yake. Mjaribuni kwanza: mkalisheni kwenye kiti cha kawaida chenye mikono, asivutwe na mtu. Ainuke, asimame, ageuke, atembee hatua tatu, kisha akae tena. Akijibwaga kitini kwa kishindo, au akinyoosha mkono avutwe, kiti cha ngazi peke yake hakitamtosha.

Chagueni kiti kinachozunguka kikifika juu, ashukie kwenye sakafu ya ghorofani badala ya kwenye kidato. Tena ajaribu mwenyewe: swichi hushikiliwa safari nzima, na ukiiachia kiti kinasimama. Vidole vyenye baridi yabisi vitaweza? Mkanda je, ataufunga bila kusaidiwa?

Goti lake halikunjiki.

Abiria hukaa ubavu, magoti yakielekea upande wa pili wa ngazi. Ngazi zikiwa nyembamba na goti gumu, yatagusa ukuta. Viko viti vya kuegemea mtu akiwa karibu kusimama, ila vinamfaa anayeweza kusimama bila kuyumba.

Anasahausahau.

Anaweza kufungua mkanda na kusimama katikati ya safari. Asipande peke yake. Kwa mzee kama huyu, mimi ningefikiria kwanza kumhamishia kitanda chini na kutafuta namna ya kuweka choo hukohuko.

Umeme ukikatika?

Viti vingi vya siku hizi hutumia betri, kwa hiyo hataachwa akining'inia gizani katikati ya safari. Lakini kiegeshwe mahali pake pa kuchaji kila mara.

Je, lazima tutoboe ukuta?

Kwa kawaida hapana. Reli hufungwa kwenye vidato vyenyewe. Ngazi zenye kona huhitaji reli iliyokatwa kwa vipimo vya nyumba hiyo, na bei hupanda sana. Angalieni pia reli isije ikaziba mlango hapo chini.

Nani atalipa?

Kabla ya kumwita muuzaji, pigeni simu halmashauri mwombe mtaalamu wa tiba kazi (occupational therapist), anayetazama mtu anavyojimudu kwake, aje nyumbani. Tathmini yake hailipiwi, naye hana kiti cha kuwauzia. Akiona inafaa, mnaweza kuomba ruzuku ya marekebisho ya nyumba, ambayo kwa England hufikia pauni 30,000 na kwa Wales 36,000. Kipato na akiba ya mama, pamoja na ya mwenzi wake kama yupo, huangaliwa. Wapangaji nao huomba, kwa ridhaa ya mwenye nyumba. Ila kazi ikianza kabla ombi halijakubaliwa, mnaweza kuikosa ruzuku yote. Msimruhusu fundi atoboe hata kidato cha kwanza kabla barua ya kukubaliwa haijafika.