Je, wajua kwa nini wasaidizi wa wabunge wa vyama hasimu Marekani husomeshwa usalama wa dunia pamoja?

Mwishoni mwa mwaka 1991, Umoja wa Kisovyeti ukiwa unasambaratika, Bunge la Marekani lilijikuta mbele ya swali geni: dola yenye maelfu ya vichwa vya nyuklia ikivunjika, nani atazilinda silaha hizo, na kwa fedha za nani? Seneta Sam Nunn na Les Aspin wa Baraza la Wawakilishi, wote wa chama cha Democratic, walipendekeza dola bilioni moja zichotwe kwenye bajeti ya ulinzi ili kumsaidia aliyekuwa adui hadi jana, lakini pendekezo lao likaondolewa, kwa kuwa wananchi walikuwa wamechoka kusikia habari za misaada ya nje. Haukupita muda mrefu Nunn akarudi, safari hii akiwa bega kwa bega na Richard Lugar wa chama cha Republican, na mwezi Novemba Seneti ikaipitisha hoja yao ya kiasi kidogo zaidi kwa kura 86 dhidi ya 8; sheria ya mwisho iliruhusu dola milioni 400.

Ni kweli kwamba kiasi kilipunguzwa, na hilo lilisaidia. Hata hivyo, kabla ya kura hiyo kulikuwa na kikao katika ofisi ya Nunn, ambapo Ashton Carter, wakati huo msomi wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliwaeleza maseneta hao wawili utafiti wa kundi lake kuhusu hatari ya silaha hizo kupotea au kuibwa. Maseneta walipokwisha kukubaliana, waliobaki na Carter kuandika maneno ya sheria yenyewe walikuwa wasaidizi wao, wa Nunn na wa Lugar, meza moja. Kama wasaidizi hao wasingekuwa tayari wanaijua tofauti kati ya kichwa cha nyuklia na kombora linalokibeba, au kama wasingeaminiana, makubaliano ya wakubwa wao yangebaki kuwa mazungumzo tu.

Msomaji wa kwetu huenda akashangaa kwamba msaidizi apewe uzito kiasi hicho. Ukweli ni kwamba mbunge wa Marekani hushinda siku nzima akitoka kamati moja kwenda nyingine, akipokea wageni na kuchangisha fedha za kampeni, kwa hiyo anayesoma muswada wenye mamia ya kurasa, anayeandaa maswali ya kumhoji jenerali na anayependekeza kifungu kirekebishwe namna gani ni kijana aliyeko ofisini. Mjumbe wa Baraza la Wawakilishi anaruhusiwa kuajiri wasaidizi wa kudumu wasiozidi 18, nao hugawanywa kati ya Washington na jimboni. Anayeshughulikia mambo ya nje mara nyingi amebebeshwa pia kilimo, maveterani na mengineyo, na wengi huondoka baada ya miaka michache kufuata mishahara minono ya sekta binafsi. Anayekuja nyuma yake huanza upya.

Upande wa pili wa meza kuna Serikali, yenye Wizara ya Ulinzi, Wizara ya Mambo ya Nje na mashirika ya ujasusi. Bunge lina kitengo chake cha utafiti kisichoegemea chama chochote, kilichoanzishwa mwaka 1914 ndani ya Maktaba ya Bunge, lakini ofisi yake nyingine iliyokuwa ikichambua masuala ya teknolojia, zikiwemo silaha, ilifungwa mwaka 1995. Kwa maoni yangu, kuifunga ilikuwa ni kuokoa senti na kupoteza shilingi.

Lakini kwa nini wasisomeshwe kila chama kivyake? Jibu limo katika hesabu ya kura. Katiba ya Marekani inataka mkataba wa kimataifa uungwe mkono na theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria, yaani 67 iwapo wote 100 wapo, na ni nadra sana chama kimoja kuwa na idadi hiyo. Mwaka 1999 mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia ulipata kura 48 tu, ukaanguka. Mwaka 2010 mkataba wa kupunguza silaha za nyuklia kati ya Marekani na Urusi ulipita kwa kura 71 dhidi ya 26, kwa sababu Warepublican 13, Lugar akiwemo, waliungana na chama cha Rais Barack Obama.

Ndiyo maana baadhi ya wanasiasa wastaafu walianzisha taasisi za kuziba pengo hilo la ujuzi na la kuaminiana. Mojawapo ni Partnership for a Secure America, iliyoundwa mwaka 2005 na Lee Hamilton wa Democratic pamoja na Warren Rudman wa Republican, ambayo huwakusanya wasaidizi wa vyama vyote viwili katika mafunzo ya pamoja. Katika mafunzo ya aina hii, wataalamu na maofisa wa zamani huzungumza kwa sharti kwamba maneno yao hayatanukuliwa nje, na wakati mwingine washiriki hupewa mgogoro wa kubuni wautatue wakiwa wamechanganywa bila kujali chama. Faida yake huonekana baadaye, pale msaidizi anapoweza kumpigia simu mwenzake wa upande wa pili na kumuuliza waziwazi ni neno gani katika kifungu linalomkera bosi wake.

Mafunzo hayo hayafuti siasa. Mwaka 2015, makubaliano ya nyuklia na Iran yalipofika Bungeni, hakuna Mrepublican hata mmoja katika Seneti aliyeyaunga mkono, ingawa wasaidizi wa pande zote walikuwa na taarifa za kutosha. Walichotofautiana ni kama Iran ni ya kuaminiwa, na hilo halifundishiki darasani.

Sheria ya Nunn na Lugar, kwa upande wake, iliendelea kupanuliwa. Baada ya kusaidia kuondoa silaha za nyuklia zilizoachwa Ukraine, Kazakhstan na Belarus, mpango huo ulihamia pia kwenye vimelea hatari vya magonjwa, na mwaka 2010 Lugar mwenyewe alifunga safari hadi Uganda, Kenya na Burundi kukagua ulinzi wa maabara zinazoshughulikia magonjwa kama kimeta na Ebola.