Pedi ya gemu inayojisogeza yenyewe: kosa si la mchezaji

Kwenye vibanda vya gemu vya Mabatini na Igoma hapa Mwanza, mchezaji kwenye tivii akianza kutembea bila kuguswa, lawama humwangukia kijana aliyeshika pedi: "Umeibonyeza kwa nguvu!" Si kweli. Chini ya kile kijiti cha kidole gumba kuna ncha ndogo ya chuma inayosugua utepe wa kaboni kila unapokisogeza. Kaboni hulika, hata aliyeshika pedi awe mpole kiasi gani, na pedi huanza kudhani kijiti kimesogezwa. Dawa ipo: kihisi cha sumaku, kinachosoma kijiti kilipo kwa nguvu ya sumaku, hakisuguani na kitu, na kampuni ya gemu ya Sega walikiweka kwenye pedi ya mashine yao ya Dreamcast tangu 1998! Wenye vibanda, acheni kuwatoza watoto faini. Tuwadai watengenezaji: vihisi vya sumaku, vijiti vya kuchomoa na kupachika, na vipuri vinavyofika Mwanza.